Kabati Lisilo na Msumari

Cuthbert wa Mkomaindo aliizika patasi yake mchana kweupe, tena kwa ibada!

Alichimba shimo nyuma ya kibanda chake cha useremala, akailaza patasi humo, akaitupia konzi ya maranda, kisha akatamka kwa sauti nzito kwamba mavumbi yarudi mavumbini. Watu waliokuwa wakienda hospitali kuangalia wagonjwa walisimama barabarani. Mmoja alimnong'oneza mwenzake: "Huyu naye anasubiri daktari, au ameshaonwa?"

"Enzi za kugongagonga mbao kama kigogota zimekwisha!" Cuthbert aliwahutubia. "Sasa ni enzi za Jigi!"

Jigi! Na hilo Jigi lilikuwa nini hasa? Kidude cha plastiki ya bluu, kinachoenea kiganjani, chenye vitundu viwili vya chuma vilivyolala mshazari. Unakibana kwenye ubao, unapitisha drili, na tundu linatoka limeinama kama mfuko wa koti. Skrubu inazama humo na kwenda kuuma ubao wa pili. Basi! Huchongi ulimi wa kuungia mbao, hutoboi shimo la ulimi, huhangaiki. Ni kifaa kizuri, na mafundi wenye akili wanakitumia vizuri tu. Kasoro ya Jigi hili ilikuwa moja: lilikuwa mikononi mwa Cuthbert.

Alijifunzia kwenye simu, kwa mzungu mmoja mwenye ndevu na karakana safi kuliko zahanati. Yule mzungu alipoanza kueleza habari za gundi na vibano, Cuthbert aliruka mbele. Bando lilikuwa linakwisha, na isitoshe, mjuaji hana haja ya kusikiliza mpaka mwisho.

Skrubu zenyewe hazikuwa za kina yakhe. Vichwani zilikuwa na tundu la mraba, si mstari, si nyota. Bisibisi za kawaida zilikuwa zikizigusa na kuteleza. Zilihitaji biti yake maalumu, ncha ya bisibisi ya pembe nne, na biti hiyo Cuthbert alikuwa nayo moja. Alitembea nayo mfukoni mwa shati, akiichomoa kila alipopata mtu wa kumringia.

"Unaona hii? Masasi nzima iko hii tu. Hata mwizi akiiba kabati langu, hawezi kulifungua!"

Hakuna mwizi aliyewahi kulalamika.

Majigambo yote haya yalikuwa na sababu, na sababu hiyo iliitwa Pendo. Pendo alikuwa binti wa Makote, kule juu Newala, aliyekuja Mkomaindo kumuuguza shangazi yake. Cuthbert alimwona akifua kanga bombani na ulimi ukamkauka, jambo lililowashangaza wote waliomfahamu. Alimpenda kwelikweli. Katika mambo yake yote, hilo peke yake halikuwa na chumvi.

Lakini kwa kina Pendo hakuna kuoa kwa maneno. Mposaji hulima kwanza shamba la wakwe msimu mzima. Anafyeka chini ya mikorosho, anapalilia, anaokota korosho mpaka mgongo unasahau kunyooka, ndipo aitwe mkwe. Na Cuthbert na jembe walikuwa hawasalimiani tangu shule ya msingi!

Akatuma salamu Makote. Yeye ni fundi, si mkulima, alisema. Badala ya kulima, angewaletea kabati la vyombo alilolitengeneza kwa mikono yake, kabati lisilo na msumari hata mmoja, la namna ambayo Newala haijapata kuiona.

Jibu lilitoka kwa Mjomba Gerson, kaka wa mama yake Pendo, ambaye ndiye mwenye kauli juu ya wapwa zake: "Alilete. Likipokelewa, tunamsamehe shamba. Lisipopokelewa, Pendo ana wachumba wengine, na hao wana majembe."

Cuthbert hakuuliza kabati linapokelewaje huko Makote. Wajuaji huwa hawaulizi.

Alikata mbao za mpaini, akazitoboa kwa Jigi lake, akazipiga msasa na vanishi. Hakuliunga. Kabati lake, alisema, linasafiri likiwa limelala kama mkeka, na linaamka likifika! Asubuhi akazifunga mbao juu ya bodaboda ya Mohamedi, akaketi mahali palipobaki, ambapo hapakuwa pa kuketi, wakashika njia ya Newala.

Walipofika Chiungutwa walisimama kunywa chai. Ndipo Cuthbert alipoona kibanda kimejaa watu ambao, maskini, hawakuwa wamesikia habari zake. Dhambi iliyoje! Akaichomoa biti, akaishika juu kwa vidole viwili.

"Baba, hicho ni cha kuchokonolea meno?" aliuliza mama muuza chai.

"Kuchokonolea meno?" Cuthbert aliona kiwiliwili kizima kikimwasha kwa kudharauliwa. "Mama, hii ni biti ya mraba!" Akamweleza. Akaeleza tena kwa wale wa meza ya pili. Akaiweka kando ya bakuli la sukari ili mikono yote miwili iwe huru kuonyesha jinsi skrubu inavyozama. Nje, Mohamedi alikuwa anapiga honi kwa hasira. Cuthbert akamalizia hotuba yake huku akitembea, akapanda pikipiki, akaenda zake.

Biti ikabaki na sukari.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba, baba. Karibu Makote." Mjomba Gerson alizizunguka zile mbao polepole. "Kabati liko wapi?"

"Ndilo hili, mjomba. Limelala."

"Basi liamshe. Wanawake watakuja kulichukua jua likipinda." Kisha mzee akaeleza, kwa utulivu, jambo ambalo Cuthbert hakuwa ameuliza. Huku kwao chombo cha arusi hakipokelewi kwa macho. Kinapokelewa kwa kichwa! Wanawake hukifunga kibwebwe cha kanga kiunoni kama mchezaji ngoma, wakakibeba vichwani, wakacheza nacho kutoka kwa mjomba mpaka kwa mama wa binti. Mama mwenyewe ndiye anayekifungua kanga. "Kisichostahimili ngoma hakitastahimili ndoa," alisema Mjomba. "Kitanda cha marehemu mume wa dada yangu kilichezwa mpaka Newala mjini na kurudi."

"Langu lichezwe mpaka Mtwara!" alijibu Cuthbert, akatia mkono mfukoni mwa shati.

Akautoa. Akautia mfuko wa pili. Akautia wa suruali. Akavua kiatu.

Aliiona ile biti waziwazi katika mawazo yake, imelala kando ya bakuli, inang'aa. Akamvuta Mohamedi pembeni na kumsihi arudi Chiungutwa mbio. Mohamedi alicheka mpaka akashika tangi la mafuta, lakini alikuwa rafiki, akaenda.

Mjomba Gerson alimletea bisibisi ya mstari. Haikuingia. Akamletea ya nyota. Hiyo ilifaa kwa bawaba peke yake, kwa hiyo Cuthbert akafunga milango kwenye mbavu za kabati ambazo zenyewe hazikuwa zimeshikwa na kitu. Likawa kabati kama mtu aliyevaa tai bila shati.

Mjomba aliitazama milango ile, akalitazama jua. Kisha akaingia ndani, akarudi na nyundo na kopo la misumari, akaviweka chini taratibu.

"Misumari hii hapa. Nyundo hii hapa. Mimi nageukia kule, sijaona kitu."

Heri gani hiyo! Ungekuwa wewe ungembusu mzee mikono. Lakini Cuthbert alinyoosha shingo.

"Mjomba, nimesema kabati langu halina msumari. Msumari ni wa mabanda ya kuku."

Mzee alilitazama banda lake la kuku, alilolijenga mwenyewe. "Lina masika mengi sasa lile," alisema. "Na hajadondoka kuku." Akachukua nyundo yake na kopo lake, akaondoka. Mkataa pema, pabaya panamwita.

Pabaya hapakuchelewa. Alipobaki peke yake uani, Cuthbert alizipigilia skrubu kwa jiwe! Naam, yule yule aliyeona aibu kushika msumari sasa alikuwa anaiponda skrubu kama anayetwanga kisamvu. Zikaingia nusu, zikapinda, nyingine zikatokeza ncha upande wa ndani, kali kama miiba ya samaki. Kabati likisimama, mgongo unaachia. Akiukamata mgongo, sakafu inatoka.

Ndipo alipokumbuka gundi. Ile sehemu aliyoiruka kwenye simu!

Akaenda jikoni kwa Bibi Stamili, bibi yake Pendo, ambaye kwa utani wa mabibi alikuwa ameshamwita mume tangu asubuhi.

"Bibi, naomba uji wa muhogo. Mzito."

"Njaa, mume wangu? Kwa kazi gani?" Bibi alimjazia bakuli. "Nimekukolezea sukari. Mume asiyelima hana nguvu, itabidi nikubembeleze."

Cuthbert aliupeleka uji uani na kuupaka katika kila kiungo cha kabati. Kuku wakaja. Aliwafukuza kushoto, wakarudi kulia, wakadonoa kiungo cha chini kikabaki kitupu. Akapaka tena. Alijaza uji mpaka kwenye yale matundu ya Jigi, akalaza mbao juani kando ya mikorosho ya uani, akasubiri, akaomba. Aliomba kweli, kwa Kiswahili fasaha cha kanisani. Hakutaka kumkosa Pendo. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba huenda angemkosa.

Kabati likasimama! Lilisimama kama mlevi, ila lilisimama. Na papo hapo vigelegele vikalia barabarani.

Mgongo ukaanza kuachia.

Cuthbert aliukimbilia. Kwa nje angeonekana. Asipoushika, ungelala chini mbele ya ukoo mzima. Pakabaki mahali pamoja. Rafu zilikuwa hazijapachikwa, na yeye alikuwa mwembamba. Akaingia ndani ya kabati, akavuta milango, akavishika vichwa vya skrubu za mgongo kwa vidole na kuvivutia kwake, magoti yamegusa masikio.

"Fundi yuko wapi?" ilikuwa sauti ya Bibi Stamili.

"Alikuwa hapa sasa hivi," alijibu Mjomba Gerson.

"Kaona haya. Anajua anakwenda kwa mama mkwe. Kumbe kijana ana adabu!"

Wanawake wakapiga vigelegele kwa ajili ya adabu ya Cuthbert. Yeye, gizani, uji ukimdondokea shingoni, aliuvuta mgongo kwa nguvu zaidi.

Wakalifunga kabati kanga, moja juu, moja katikati, moja chini, wakazikaza kama wanavyokaza mzigo wa kuni. Hapo Cuthbert alishusha pumzi. Kanga za akina mama zilifanya kwa dakika kazi ambayo Jigi, skrubu, jiwe na uji vilishindwa kuifanya mchana kutwa. Kabati likashikamana! Wakaliinua.

"Mama yangu! Mbao gani hii?"

"Mninga!"

"Mninga mtupu! Tazama uzito huu! Pendo kapata mwanaume!"

Wale walikuwa wanawake wanaobeba magunia ya korosho. Hawakuwa na muda wa kuuliza zaidi. Ngoma ikaanza, na kabati likaanza kucheza vichwani mwao.

*Kabati limefika, limefika,*
*vyombo vimepata kwao!*

Ndani, dunia ilikuwa inapinduka. Cuthbert alikwenda mbele na ngoma, akarudi nyuma na ngoma. Ncha ya skrubu ilimkamata makalio ya suruali na kukataa kumwachia. Yote hayo angeyavumilia. Kisha akahisi kitu kinamtembea mguuni.

Sukari ya Bibi Stamili! Ile mbao ya mgongo ililazwa kando ya mikorosho, na kwenye mikorosho kuna maji moto, wale chungu wekundu wanaouma kwanza na kukusalimu baadaye. Walikuwa wameufuata uji ndani ya viungo. Sasa uji ulikuwa umewaishia, na nyama ilikuwa karibu.

Mmoja alimuuma shavu la mguu. Mwingine kwapani. Wa tatu alichagua mahali ambapo hata daktari huomba ruhusa kwanza.

Kujikuna hakuwezi, mikono ina kazi. Kupiga kelele ni kumpoteza Pendo. Cuthbert akauma ukosi wa shati na kutetemeka kimyakimya, machozi yanamtiririka, akitamani ile nyundo na lile kopo la misumari kama mtoto anavyotamani titi.

"Jamani!" mwanamke mmoja alipiga ukelele. "Kabati linacheza lenyewe!"

"Linatetemeka! Wekeni mkono muone!"

"Lina furaha!" alisema Bibi Stamili. "Kabati linaloijua ngoma haliharakishwi. Zungukeni tena!"

Wakazunguka tena.

Mama yake Pendo, Mama Anjelina, alikuwa ameketi barazani kwake, amejifunga kanga mpya, akingoja kwa heshima pamoja na Pendo, aliyekwisha kurudi kutoka Mkomaindo. Cuthbert hakuwa amewahi kumtazama usoni, na ndivyo ilivyopasa. Kwao mama mkwe hatazamwi. Akija, unaiacha njia. Akiwa na neno, analipitisha kwa binti yake. Mtu anaweza kuoa, akazaa, akazeeka, na mkwewe asimwone akitafuna.

Kabati likatuliwa mbele yake. Ngoma ikanyamaza. Mama Anjelina akainuka, akalishika kidogo, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafungua kanga ya juu.

Mbao zikalia *kwii*.

Akafungua ya katikati.

"Taratibu, mama," Pendo alisema, kwa kuwa aliona ubao ukipumua.

Mama akafungua ya chini.

Ubavu mmoja ukaenda Newala, mwingine ukaenda Masasi. Kipaa kikaruka. Mgongo ukalala chali kwa mshindo, na kwa kuwa skrubu ilikuwa bado imeng'ang'ania, ukaondoka na makalio ya suruali ya Cuthbert. Vumbi lilipotulia, kati ya mbao alikuwa amechuchumaa fundi mwenyewe, amepakwa uji, amevimba, ameshika kichwa cha skrubu katika kila mkono, uso kwa uso na mama mkwe wake!

Kuku peke yao walisonga mbele.

Cuthbert alilelewa vizuri. Palipokuwa hapana la kufanya, malezi yakamjia.

"Shikamoo, mama," alisema.

Mama Anjelina alikuwa ameshajifunika uso kwa kanga na kumpa mgongo. Kisha akasema, kwa sauti ya heshima kabisa:

"Pendo, liambie kabati marahaba."

Hapo Makote nzima ikavunjika mbavu! Wanawake walikaa chini, wengine walishikana, mmoja alimwomba Mungu amwonee huruma asife kwa kucheka. Bibi Stamili alimtupia Cuthbert kanga ajisitiri. "Mninga!" alikuwa akisema huku akijifuta macho. "Tumeubeba mninga wenye meno!"

Na kama aibu ilikuwa haijajaa, pikipiki ikaingia uani kwa kasi. Alikuwa Mohamedi, mkono juu.

"Fundi! Nimeipata! Yule mama alikuwa ameifanya kizibo cha chupa ya mafuta!"

Akaona zile mbao. Akaushusha mkono polepole.

Mjomba Gerson hakucheka. Aliwaita wazee pembeni. Cuthbert alisimama amejifunga kanga ya bibi, akijua kwamba jambo lake limekwisha. Hakujali tena Jigi, wala jina, wala Mkomaindo watasema nini. Alimtafuta Pendo kwa macho, na Pendo alikuwa amejificha uso, mabega yakimtetemeka. Kama analia au anacheka, Cuthbert hakuweza kujua, akaumia vilevile.

Mzee akarudi.

"Kabati limekataliwa," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Dada yangu amevunjiwa heshima. Utaleta jogoo na doti ya kanga, na utaomba radhi kwa kupitia watu."

"Ndiyo, mjomba."

"Lakini sisi wazee tumeliona jambo jingine." Mzee alimwinua mikono, akavitazama vidole vilivyochunika. "Mtu ameng'ang'ania mbao kutoka kwangu mpaka hapa, amekunjwa kama jongoo, maji moto wanamla, hajakohoa. Hao wachumba wengine niliowataja, hakuna mwenye mikono hii. Na huyu alitaka tumsamehe shamba! Huyu?"

Wazee walitikisa vichwa kwa kusikitikia hasara ambayo nusura waipate.

"Utalima shamba letu," alisema Mjomba Gerson. "Na la dada yangu. Na lile la bondeni ambalo hakuna mposaji aliyewahi kulimaliza. Ukimaliza, binti ni wako."

Cuthbert alitaka kueleza kwamba yeye ni fundi. Alifungua kinywa, akaisikia minong'ono ya kina mama, akakifunga. Alikuwa amempata Pendo. Furaha na msiba vilimjia kwa mlango mmoja, akashindwa kujua akipokee kipi kwanza.

Mama Anjelina, aliyekuwa bado amewapa mgongo, alimwita binti yake na kumnong'oneza jambo refu. Pendo akaja mpaka mbele ya Cuthbert, akajikaza asicheke, akainamisha macho kama mjumbe anavyotakiwa.

"Mama anasema jembe lako lipo, ila halina mpini," alisema. "Anauliza, utaliweka mwenyewe, au tumwite fundi?"